Unasihi na Faida Yake kwa Watu Wasiosikilizana

(Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Mhariri alipotangaza kwamba gazeti la muhula huu litakuwa na nafasi ya masomo ya maarifa, wenzangu wengi walikimbilia sayansi. Mmoja anaandika juu ya umeme wa nguvu za maji, na mwingine juu ya ugonjwa wa viazi. Mimi nimechagua jambo ambalo halimo katika mtihani wetu wa taifa, lakini limo katika nyumba nyingi tulizotoka. Nataka kueleza jinsi mtu aliyefundishwa kazi ya kusikiliza anavyoweza kuwasaidia watu wasiosikilizana: mume na mke, baba na mwanawe, ndugu na ndugu, na hata sisi tunaolala bweni moja. Kazi hiyo huitwa unasihi, na mwenye kuifanya ni mnasihi. Wengine husema ushauri nasaha. Katika hospitali kubwa wapo pia wanasaikolojia, ambao elimu yao ni ndefu zaidi, nao huita kazi yao tiba ya mazungumzo. Majina ni mengi, lakini shina ni moja, nalo ni kwamba maneno yakisemwa mahali panapofaa na mbele ya mtu anayefaa, huweza kumponya mtu.

Najua wako watakaocheka. Hapa Mjimwema ukimwambia mtu kwamba fulani amekwenda kuonana na mwanasaikolojia, swali la kwanza atakalokuuliza ni kama fulani huyo atapelekwa Mirembe. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya wagonjwa wa akili, nayo inafanya kazi kubwa kwa taifa letu. Lakini mume na mke ambao hawajasemezana tangu Pasaka si wagonjwa wa akili. Wamefungana kwa hasira kama kamba iliyopigwa fundo na watu wawili, kila mmoja akivuta upande wake, na kadiri wanavyovuta ndivyo fundo linavyozidi kukaza. Hapo anatakiwa mtu wa tatu asiyevuta upande wo wote.

Wala jambo la mtu wa tatu si geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na mshenga, ambaye kazi yake haikwisha siku ya kupeleka posa. Nyumba ikitikisika, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Pwani yuko somo, anayemfunza mwari, naye hubaki msiri wake hata baada ya arusi. Wako watani, ambao huweza kukwambia ukweli mchungu nawe ukalazimika kucheka. Na kulikuwa na baraza. Bwana mmoja wa Marekani, Marc Swartz, mtaalamu wa mila za watu, aliishi katika vijiji vya Wabena katika miaka ya 1960, na mwaka 1966 akatoa maandishi yake juu ya sababu zinazowafanya wanakijiji kuyatii maamuzi. Swali hilo ni zuri sana nikilifikiria. Mzee wa kijiji hakuwa na askari mlangoni. Aliyeshindwa katika shauri angeweza kuondoka akaenda zake shambani kama hajasikia neno. Basi ilikuwa lazima shauri liongewe mpaka wote wawili waone kwamba wamesikilizwa, ama sivyo lilikuwa kazi bure.

Lakini nisiwasifu wazee mpaka nikapita kiasi. Wakati wa Waingereza wanaume wengi wa wilaya hii walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi maalumu ya kuandika wafanya kazi, iliyoitwa SILABU. Walioandikwa ndio walioitwa manamba. Mume alikwenda kwa mkataba, pengine akakaa miaka, na alipopanda tena mlima kurudi alimkuta mke aliyezoea kuamua mambo peke yake, na watoto wasioijua sura yake. Ugomvi wa namna ile baraza halikuwa na dawa yake. Baraza lilijua kuamua ng'ombe ni wa nani, lakini halikuwa na la kusema juu ya watu wawili waliogeuka wageni ndani ya nyumba moja. Wajukuu wa manamba leo hawaendi Tanga, wanakwenda Dar es Salaam kuuza mitumba au Makambako kupakia mbao, lakini habari ni ile ile.

Sasa niseme mnasihi anatofautiana vipi na mshauri wa kawaida. Mjomba wako ukimpelekea shida yako husikiliza kidogo, kisha hukohoa, kisha husema, "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilipokuwa na umri wako..." Kuanzia hapo habari si yako tena, ni yake. Mnasihi hafanyi hivyo. Haamui nani ana haki. Hatoi hukumu, wala hakwambii "vumilia," ambalo ndilo neno rahisi kuliko yote kwa yule asiyeumia. Kazi yake ni kukusikiliza mpaka wewe mwenyewe ujisikie, na kuuliza maswali ambayo hukupata kujiuliza. Tena analo agano la siri: linalosemwa chumbani hubaki chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yawe hatarini. Carl Rogers, Mmarekani aliyefariki mwaka 1987, ndiye aliyewafundisha wengi namna hii. Yeye alisema mwenye shida huanza kubadilika akikutana na mtu asiyejifanya, anayempokea bila kumdharau, na anayejitahidi kuona mambo kama yeye anavyoyaona. Ukiyasoma hivi waweza kuyadharau kwa urahisi wake. Jaribu kumsikiliza mwenzako kwa dakika 10 bila kumkatiza wala kumpa shauri, kisha uje uniambie kama ni rahisi. Mimi nimejaribu na rafiki yangu mmoja; sikufika dakika ya nne.

Mfano mkubwa wa jambo hili haukutoka Ulaya, bali hapa jirani, Uganda, na ningependa tuutazame kwa makini.

Katika wilaya za Rakai na Masaka, kusini-magharibi ya nchi ile, ukimwi uliua watu wengi mno katika miaka ya 1980 na 1990. Walioachwa walikuwa wajane, wagane, mabibi wenye wajukuu tele, na vijana waliolazimika kuwa wazazi wa wadogo zao. Wengi walianguka katika huzuni kubwa isiyokwisha, ile inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kushika jembe. Dawa za hospitali za ugonjwa huo zilikuwa ghali, na madaktari wa akili walikuwa wachache. Ndipo wataalamu, miongoni mwao Paul Bolton, Helen Verdeli na Myrna Weissman, wakajaribu njia ya mazungumzo katika vijiji 30 mwaka 2002. Njia yenyewe ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1970 na huyo Bibi Weissman na mumewe, Gerald Klerman. Msingi wake ni huu: huzuni ya mtu aghalabu imefungamana na hali yake na watu wengine. Basi badala ya kuchimba utoto wake wote, mnamwuliza, "Huzuni hii ilianza lini, na wakati huo kulikuwa kunatokea nini kati yako na watu wako?" Jibu huangukia mahali pachache tu. Ama amefiwa, ama anagombana na mtu wa karibu, ama maisha yake yamegeuka ghafla kama vile kuolewa, kuhama, kuugua au kupoteza kazi, ama yu mpweke na hana wa kusema naye.

Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliojua lugha ya pale, nao walifundishwa kwa wiki mbili tu. Wanaume walikuwa na vikundi vyao na wanawake vyao, maana mambo mengine hayasemeki mbele ya wakwe. Walikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Katika mkutano mtu hueleza ugomvi wa nyumbani kwake, naye huulizwa autoe neno kwa neno: wewe ulisema nini, yeye akajibu nini, ulikuwa umesimama au umekaa, watoto walikuwapo? Mara nyingi hapo hapo hugunduliwa kwamba mtu hakupata kusema lile alilolitaka. Alisema, "Nyumba hii haina chumvi siku zote," na maana yake ilikuwa, "Nimechoka kubeba nyumba hii peke yangu." Mwenzake alisikia habari za chumvi, akajibu habari za chumvi. Kisha kikundi humsaidia kutafuta maneno mengine, na hata kuyajaribu pale pale, mmoja akijifanya mume.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi kuliko sisi wa bara, maana huko mwanamke akiwa na neno zito huvaa khanga yenye jina lake na kupita nayo mbele ya mhusika. Ni ujumbe mzuri na wa adabu. Lakini mhusika akiwa mzito wa kusoma, ugomvi hubaki palepale na khanga huchakaa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, karibu wote katika vijiji vyote walikuwa na ugonjwa ule wa huzuni. Baada ya majuma 16, kati ya wale waliokuwa katika vikundi, watu kama 6 au 7 tu katika kila 100 ndio waliobaki nao. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walibaki nao kama 55 katika kila 100. Ninaomba msomaji aitazame vizuri hesabu hii ya pili pia, maana kuna ukweli ndani yake: watu wengine hupata nafuu bila kusaidiwa na mtu, kwa kupita kwa siku tu. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia kwamba unasihi huponya kila anayeponyeka. Lakini tofauti kati ya 7 na 55 si ndogo. Mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia lilitoa kitabu cha kufundishia njia hiyo ya vikundi, ili itumike katika nchi nyingine.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe, nao nitausema kwa ufupi. Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 huko Mbare, mtaa wa watu wengi katika mji wa Harare, kwa kuwafundisha mabibi wa pale pale. Aliwawekea benchi chini ya mti nje ya zahanati. Mwenye shida huja, huketi na bibi, na huzungumza. Washona wanayo neno "kufungisisa," yaani kufikiri kupita kiasi. (Kwetu kufunga ni kutia kifungo, kwao ni kufikiri. Lakini mtu aliyefikiri usiku kucha juu ya mkewe atasema maana zote mbili ni sawa.) Sisi tungesema mtu huyo "ana mawazo." Bibi kwanza humsaidia kufungua akili, kisha humwinua, kisha humtia nguvu, wakichagua shida moja tu ya kuanza nayo kati ya shida zote alizoleta. Jaribio la watu 573 lililotangazwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika Malawi, na hata Zanzibar. Mimi napenda sana kwamba walichaguliwa mabibi. Ingelikuwa kwetu, nawafahamu watatu ambao wangeifanya kazi hiyo kesho asubuhi, na mmoja ambaye asingeweza kutunza siri mpaka jioni.

Pengine wataka kujua mimi nimeyapata wapi haya mpaka yakanishika hivi. Nyumbani kwetu, kijiji kisicho mbali na hapa, baba yangu na kaka yangu mkubwa walikaa miaka miwili bila kusalimiana. Kisa kilikuwa miti. Baba alipanda misindano kabla sijazaliwa, na Kaka ndiye aliyeipalilia na kuikatia barabara za kuzuia moto kila kiangazi tangu akiwa mtoto. Mwaka ule Bibi alipolazwa hospitali, nami nikachaguliwa kuja bwenini, Baba aliuza miti yote kwa mfanya biashara wa mbao. Bei ilikuwa ndogo, kwa kuwa miti haijakomaa. Kaka alirudi kutoka safari akakuta visiki. Tangu siku ile alikuwa akila jikoni kwa Mama, na Baba akila sebuleni, na mimi nikirudi likizo nilikuwa mchukuzi wa maneno: "Mwambie baba yako jembe liko wapi." "Mwambie huyo kaka yako ajue mwenyewe." Sanduku langu la chuma na godoro langu vilinunuliwa kwa miti ile. Kila nilipofungua sanduku nilikumbuka.

Ukoo ulikaa mara mbili. Wazee waliamua kwamba Kaka apewe sehemu ya fedha iliyobaki, na Baba akatoa bila ubishi. Kaka alipokea, akahesabu, akatia mfukoni, na kesho yake akala jikoni vile vile. Wazee walikasirika sana. Walikuwa wameamua kwa haki, na haki ikatekelezwa. Sasa kijana anataka nini tena?

Mama alikwenda kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii kwa ajili ya habari nyingine kabisa, karatasi za matibabu ya Bibi, na katika kueleza akajikuta analia. Afisa yule, mama wa makamo, aliomba kuwaona Baba na Kaka. Baba alikataa katakata. Alisema yeye hana kesi. Akajibiwa kwamba ndiyo maana anaitwa huko, kwa sababu si kesi. Walikwenda mara nne. Mimi nilikuwapo mara moja tu, wakati wa likizo ya Desemba, na kwa ruhusa yao wote wawili naandika niliyoyaona, bila majina.

Yule mama aliwaamkia wote wawili, akaweka sharti moja: kabla mtu hajajibu, aseme kwanza yale aliyoyasikia kwa mwenzake, mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo hayo. Kaka akasema, "Baba aliuza miti yangu." Baba akatakiwa arudie. Akasema, "Anadai nimemwibia." Kaka akasema, "Sikusema kuiba." Wakaanza upya. Ilikwenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikadhani tunapoteza mchana bure. Mwishowe Kaka akasema kwa sauti ndogo kwamba asingekataa miti isiuzwe, kwa maana Bibi ni bibi yake pia. Alitaka aulizwe. Baba akanyamaza sana. Alipotakiwa arudie, alisema, "Amesema alitaka aulizwe." Kisha akaongeza lake, ambalo hata Mama hakulijua: kwamba aliona haya kumwuliza kijana aliyefanya kazi miaka yote ile, kwa hiyo akachagua wakati ambao kijana hayupo. Msomaji, ukoo wetu ulikuwa umekaa mara mbili na kupiga hesabu ya fedha mpaka senti ya mwisho, na hakuna aliyeuliza habari hiyo.

Nisiseme kwamba sasa ni marafiki. Kaka amejenga kibanda chake upande wa pili wa bonde, na anasema atapanda maparachichi, siyo misindano. Lakini likizo iliyopita nilimsikia anamwuliza Baba mvua za kwetu huanza kweli lini, naye anajua vizuri kama sisi sote.

Nirudi kwenye somo. Sheria ya nchi yetu nayo inalitambua jambo hili kwa watu wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema mtu hawezi kupeleka mahakamani ombi la talaka mpaka kwanza shauri limefikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza limetoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo mambo machache yanayosamehewa, kama vile mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5, nalo huwekwa katika kila kata. Mawakili hawaruhusiwi kusimama pale ila kwa idhini ya baraza, na hapo watunga sheria waliona mbali, maana wakili hulipwa kwa kushinda, na katika ndoa mmoja akishinda wameshindwa wote wawili. Hata hivyo kuna kasoro. Wajumbe wengi wa mabaraza ni watu wema wenye busara, lakini hawakufundishwa unasihi, na watu huwafikia wakiwa wamekwisha kuamua kuachana, wakitaka hati tu. Ni kama kumpeleka mgonjwa zahanati ili aandikiwe cheti cha kufa. Kama waganda waliweza kufundishwa kwa wiki mbili, sioni kwa nini mjumbe wa baraza la kata asifundishwe.

Hapa hapana budi niseme neno juu ya kupigwa. Si kila ugomvi unafaa kuletwa kwa mnasihi ili watu wawili wakae wakielezana. Mwanamke anayepigwa akiambiwa aseme mbele ya mumewe yaliyo moyoni, huenda akalipia maneno hayo usiku ule ule. Mnasihi mwenye elimu humwona kwanza peke yake, naye huuliza kama yu salama. Sheria hiyo hiyo ya 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vingine. Kwa mambo hayo lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Wako watu, nao wengine ni wazee wa heshima, wanaotumia jina la usuluhishi kumrudisha mke kwa mtu atakayemvunja mkono. Huo si unasihi. Kadhalika ulanzi: mume akiwa mlevi, mazungumzo ya saa ambayo kichwa kimejaa ulanzi ni kupoteza wakati, msaada wa kwanza ni juu ya pombe yenyewe.

Mkoa wetu wa Njombe una sababu nyingine ya kuwahitaji wanasihi kuliko mikoa mingine. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 wa mkoa huu, karibu 13 wana virusi vya ukimwi, nayo ni hesabu ya juu kuliko mkoa wo wote Tanzania. Neno "ushauri nasaha" lenyewe watu wengi walilisikia mara ya kwanza kwa habari ya kupima damu, hasa vilipoanza vituo vya ANGAZA mwaka 2001. Fikiri mume na mke wanaokwenda kupima, mmoja akakutwa anavyo na mwingine hana. Dawa zipo, hutolewa bure, na anayezitumia sawasawa mpaka virusi visionekane katika kipimo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Yaani kwa upande wa mwili wanaweza kuishi pamoja na hata kupata watoto wasio na virusi. Linaloivunja nyumba ni swali la "umevitoa wapi," linaloulizwa usiku, bila mtu wa tatu. Mnasihi wa kliniki anayewaona wote wawili pamoja, siku ile ile ya majibu, anafanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Yabaki yanayotuhusu sisi wa bwenini. Watu 40 katika chumba kimoja, baridi ya Juni, maji ya zamu, na ndoo moja iliyopotea. Hapo pana ugomvi wa kutosha baraza zima la kata. Shuleni huwa yupo mwalimu wa malezi na unasihi, lakini wanafunzi wengi humwogopa kwa sababu mwalimu huyo huyo ndiye anayesahihisha daftari lako, na pengine ndiye wa zamu siku ya adhabu. Hilo ni la kweli, wala si kosa la mwalimu. Mtu mmoja hawezi kushika fimbo kwa mkono mmoja na siri kwa mkono mwingine, nami nadhani kazi hizi mbili zingetengwa, apewe mwalimu asiyehusika na adhabu, na chumba ambacho anayeingia haonekani na foleni nzima ya chakula. Kwa mwenye jambo zito asiloweza kulisema hapa, iko namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Hupigwa bila malipo, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria, hata kama ana ndevu. Ofisi ya Ustawi wa Jamii iko katika kila halmashauri, na huna haja ya barua ili uonwe.

Mwenye swali aliandike bila jina na kulitia katika kisanduku cha Mhariri kilicho mlangoni mwa maktaba. Nitakayoyaweza nitayajibu katika gazeti la muhula ujao, na yale yaliyo makubwa kuliko mimi nimekwisha kuwaomba wanaojua zaidi wayajibu.